Kitabu cha sauti cha maisha ya jenerali Blücher: nimekimaliza jana, maoni yangu haya hapa

Nilikichukua kwa ajili ya Waterloo tu, lile pigano la 1815 lililommaliza Napoleon wa Ufaransa, maana Blücher nilikuwa namjua hapo peke yake, yule mzee wa Prusia (ufalme wa Wajerumani wa zamani) aliyetokea jioni na jeshi lake Napoleon akaishiwa nguvu. Kumbe Waterloo inakuja mwishoni kabisa, na sura zilizonishika ni zile za jamaa kushindwa.

Kazaliwa Rostock 1742, bado kijana mdogo akaingia jeshi la Sweden, 1760 Waprusi wakamteka na haohao waliomteka ndo wakamfanya askari wao. Baadae akarukwa kwenye kupandishwa cheo, akawaka, akaomba kuacha kazi, na mfalme Friedrich wa Pili akajibu kwamba kapteni Blücher aende zake kwa shetani. Hiyo ni 1773. Basi akaenda kulima, karibu miaka 15 yuko shambani, barua za kuomba kurudi jeshini zinagonga mwamba, mpaka mfalme alipofariki ndo 1787 akarudishwa. Hapa kitabu hakina haraka hata kidogo na nakisifu kwa hilo, unamuona kabisa mtu mwenye hasira zake anayezeeka mbali na kazi anayoipenda.

Sura ya 1806 niliirudia mara mbili. Jeshi la Prusia limesambaratishwa na Napoleon, Blücher anarudi nyuma na mabaki ya watu wake mpaka mji wa Lübeck, halafu kijijini Ratekau anasaini kujisalimisha na anaongeza kwa mkono wake kwamba amekubali kwa sababu hana mkate wala risasi. Msomaji ananyamaza kidogo baada ya hiyo sentensi, na ule ukimya nilihitaji kweli.

Ila Ligny, pigano aliloshindwa na Napoleon 16 Juni 1815, hiyo sikuweza hata kufanya kitu kingine huku nasikiliza. Mzee ana miaka 72, anaongoza wapanda farasi mwenyewe, farasi wake anapigwa risasi anamwangukia, yuko chini amebanwa na giza linaingia. Msaidizi wake Nostitz anashuka anakaa pembeni yake, wapanda farasi wa Ufaransa wanapita karibu kabisa na hawamtambui. Siku mbili baadae mwili unamuuma kila mahali na bado yuko njiani kutoka mji wa Wavre kwenda Waterloo, mizinga inazama kwenye matope, anawahimiza askari wasukume kwa sababu alishampa Wellington, jenerali wa Waingereza, ahadi.

Kilichonifurahisha zaidi ni Gneisenau kupewa nafasi yake. Huyu ndo mnadhimu mkuu aliyekuwa anapanga, na usiku ule wa Ligny ndiye aliyeelekeza jeshi lirudi Wavre, karibu na Waingereza, badala ya kukimbilia nyumbani. Blücher mwenyewe hakumficha: Oxford walipompa udaktari wa heshima 1814 alisema basi Gneisenau wamfanye mfamasia, maana ndiye anayetengeneza vidonge.

Sasa malalamiko. Ramani hakuna, hata moja. Pigano la mto Katzbach, alipowashinda Wafaransa 26 Agosti 1813, bila kuona mto uko wapi na uwanda uko wapi hutaelewa kwa nini Wafaransa wengi walizama kwenye maji yaliyofurika kwa mvua, mimi ilibidi nisimamishe nifungue ramani kwenye simu. Pia 1814 wameipitia mbiombio, wamevuka mto Rhine pale Kaub usiku wa mwaka mpya, mara wako Paris! Februari ile Napoleon alimchapa mfululizo ndani ya siku chache, alivyojikusanya tena mpaka akashinda pigano la Laon, huko Ufaransa, mwezi uliofuata kulistahili sura yake.

Na faili la sura ya 9 linakatika katikati ya sentensi, nimelishusha upya mara tatu liko vilevile, nimewaandikia na bado nasubiri jibu. Nyota 4, wakirekebisha hilo faili na kuweka ramani naongeza ya tano.