Nimesomea kuendesha maktaba mlangoni pa maktaba iliyofungwa

Nyota mbili. Nilitaka kuweka moja. Hiyo ya pili ina mwenyewe, nitamtaja mbele.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari. Maktaba nilirushiwa tu. Mwenzangu aliyekuwa anaishika alipata uhamisho, mkuu wa shule akaniita, akanikabidhi funguo na leja, akasema, "Wewe si mtu wa vitabu?" Basi, mafunzo yangu yakaishia hapo. Kwa hiyo nilipoona chuo kimoja hapa Dar kinatangaza kozi fupi ya kanuni za menejimenti ya maktaba na vituo vya taarifa, Jumamosi peke yake, nikajua nimeitwa mimi. Ada nililipa kutoka mfukoni mwangu, shule haikutoa hata nauli. Mlishike hilo, maana nusu ya hasira yangu imekaa hapo.

Wiki za mwanzo tulikuwa na mkufunzi kijana, shati limenyooshwa, slaidi zimejaa. Akatuletea Henri Fayol na kanuni zake 14 za mwaka 1916. Sawa, tukaandika. Akatuletea Luther Gulick wa 1937 na kazi saba za meneja, tukaziimba kama kwaya: kupanga, kuunda mfumo wa kazi, kuajiri, kuongoza, kuratibu, kutoa taarifa, kuandaa bajeti. Dada mmoja anayetunza chumba cha vitabu hospitalini akanyoosha mkono: "Mwalimu, mimi niko peke yangu kule, namwajiri nani?" Darasa likacheka. Akajibiwa tutafika huko. Hatukufika.

Sina ugomvi na Fayol. Lakini mzee yule alikuwa injinia aliyeendesha kampuni ya migodi Ufaransa, na mtu ukimchukua kutoka mgodini ukamleta kwenye rafu za vitabu inabidi umwonyeshe njia. Hakuonyeshwa. Aliyewahi kupanga vitabu kwa namba za Dewey, zile zinazogawa rafu kwa mada, atanielewa nikisema hivi: menejimenti ya jumla hukaa 658, uendeshaji wa maktaba hukaa 025.1. Nililipia 025.1, nikapewa 658.

Hayo ningeyameza. Kilichonikaba ni mlango.

Tulipewa zoezi kuhusu kanuni ya amri moja, ile inayosema mtumishi apokee maagizo kwa mkubwa mmoja tu. Mchana nikaenda maktaba ya chuo nikatafute cha kusoma. Mlango una kufuli la shaba, na juu yake karatasi imebandikwa kwa seloteipu: "Mwenye funguo katoka kidogo." Kidogo! Nikakaa kwenye benchi, nikala chapati yangu, nikasoma tangazo la semina iliyokwisha kupita, muda ukaisha nikarudi darasani. Jumamosi iliyofuata karatasi ni ile ile. Ya tatu nikaikuta bado ipo, seloteipu imeanza kubanduka pembeni, na mwenye funguo bado katoka kidogo.

Nikamfuata mlinzi. Shikamoo baba, maktaba inafunguliwa saa ngapi? Akasema Ijumaa jioni funguo hurudishwa ofisi ya majengo. Majengo wakasema anazo mkutubi. Mkutubi wakampigia simu mbele yangu, akasema Jumamosi si zamu yake, waulizwe taaluma. Nikapanda ghorofani taaluma. Nikamkuta mama mmoja anamenya karanga juu ya gazeti, hakuinua kichwa.

"Wewe ni wa kozi fupi?"

"Ndiyo, mama."

"Maktaba ni ya wanafunzi."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mshiriki."

Nawaambia ukweli, nilishuka ngazi zile mikono inatetemeka. Mshiriki! Siku ya kulipa ada sikuwa mshiriki, nilikuwa mwanafunzi, na risiti ninayo. Zoezi la amri moja nikaliandika pale pale kwenye benchi bila kufungua kitabu: mtumishi mmoja na awe na bosi mmoja, na hapa kuna kufuli moja lenye mabosi wanne. Nikapata 17 kwa 20. Kijana wa slaidi akaandika pembeni, "Mfano mzuri." Hakuuliza ni maktaba gani.

Sasa nyota ya pili. Katikati ya kozi akaingia mkufunzi mwingine, mzee mstaafu, hana slaidi hata moja, ana chaki na kikohozi. Akaandika ubaoni sheria tano za Ranganathan, Mhindi aliyeziandika mwaka 1931: vitabu ni vya kutumiwa, kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake, okoa muda wa msomaji, maktaba ni kiumbe kinachokua. Akatueleza kwamba zamani Ulaya vitabu vilifungwa kwa minyororo rafuni, halafu akauliza: "Leo minyororo imekwenda wapi?" Darasa zima tukageuka kuangalia kule kwenye kufuli. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Wiki iliyofuata alikuja na funguo, sijui alizipata wapi, akatufungulia nusu saa. Mle ndani mna vitabu vizuri, jamani, vina vumbi tu. Nikaazima kimoja cha bajeti za maktaba ndogo.

Na mzee huyo ndiye aliyenifundisha jambo ambalo ningelilipia hata ada mara mbili. Alisema leja ya kuazima inadanganya, kwa sababu wengi husomea humo humo ndani. Waambie wasomaji wasirudishe vitabu rafuni, waviache mezani, wewe hesabu jioni kabla hujavirudisha. Nikajaribu shuleni kwangu wiki moja. Leja ilionyesha vitabu 11 vilivyoazimwa. Mezani nikahesabu 64. Nilipompelekea mkuu wa shule karatasi yenye namba hizo mbili, yeye ambaye siku zote huniambia "watoto hawasomi siku hizi", aliitazama muda mrefu, kisha akaidhinisha kamusi kumi. Miaka mitatu nilikuwa naomba kamusi kwa maneno matupu.

Haya, na nikiri. Wakati nahesabu ndipo nilipoona hakuna kitabu hata kimoja cha fasihi cha kidato cha nne mezani. Vimo kwenye kabati langu. Funguo ziko kwenye mkoba wangu, na siku nisipokuwa na kipindi mkoba uko nyumbani na mimi. Nimeshatengeneza funguo za pili, zinakaa kwa mwalimu wa zamu. Lakini mimi sijawahi kumwita mtoto wa watu mshiriki.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua kuweka nyota nne. Kweli kabisa. Koha, ile programu ya bure ya maktaba iliyoanzia New Zealand, tuliiona kwenye picha tu, hatukugusa kompyuta, na hilo nikalisamehe. Nikaenda kuchukua cheti, nikaambiwa kwanza klirensi, ile fomu ya kuonyesha hudaiwi kitu, na klirensi lazima isainiwe maktaba. Safari hiyo ilikuwa siku ya kazi, niliomba ruhusa shuleni, nikaukuta mlango wazi na mkutubi ndani. Nikamkabidhi kitabu. Akafungua daftari, akahesabu kwa kalamu, akaniambia nimechelewesha siku 21, faini shilingi 300 kwa siku, jumla 6,300.

Nikamwambia hizo siku 21 zina Jumamosi tatu, na zote tatu nilikuja na kitabu hiki mkononi nikakuta umetoka kidogo. Akasema daftari halionyeshi kwamba nilikuja. Nikamtajia sheria ya nne ya Ranganathan.

"Dada," akasema, "huyo hafanyi kazi hapa. Lipa dirishani, uniletee risiti."

Nimelipa. Nyota mbili, na zote mbili za mzee. Mkienda, ulizeni kwanza ni yeye anayefundisha, na kitabu msiazime.