Unga wa kuotesha mizizi niliochukua duka la pembejeo hapa Mwanza: dawa safi, ufungashaji hovyo

Nianze na maksi kabisa, nyota tatu na nusu kati ya tano. Dawa yenyewe ningeipa nne na nusu, hizo nyingine kaziondoa muuza duka mwenyewe. Duka silitaji, ila wanaonunua pembejeo mjini hawatapata shida kulijua maana tabia ni hiyohiyo kwa wengi.

Unga ni mweupe, laini ka talkamu, ndani kuna IBA ambayo ni homoni ya mimea, moja ya zile zinazoitwa auksini, yaani homoni zinazoongoza ukuaji na utoaji mizizi. Mi nina kakitalu Buhongwa, nauza maua na miti ya kivuli, na wateja wakubwa ni wenye nyumba za mlimani wanaotaka bogenvilia zitambae kwenye yale mawe yetu, sasa bogenvilia ya mti mgumu kuotesha kwa kijiti hivihivi bila dawa utalia, vingi vinaoza kabla havijatoa hata uzi. Kwa huu unga vinashika vingi, na ukichomoa kimoja kuangalia unakuta mizizi imezunguka kitako pande zote, meupee, sio ule mmoja wa kubahatisha. Waridi nayo imekubali vizuri.

Sasa kwa nini inafanya kazi, maana dukani hawakuambii. Auksini haitembei ovyo kwenye mmea. Nje ya seli kuna asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi) ka 5.5 hivi, ndani ni karibu 7, so homoni ikiwa nje inaweza kupenya ile ngozi ya seli, ikishaingia inabadilika inapata chaji na haiwezi tena kutoka yenyewe, lazima itolewe na protini zinazoitwa PIN, na kwenye shina hizo PIN nyingi zimekaa upande wa chini wa kila seli. Seli ya juu inamkabidhi wa chini, huyo naye wa chini yake, hadi homoni inakutana na pale ulipokata na kisu, inajaa pale, na seli za pale zinaamriwa ziwe mizizi. Ndo maana jirani yangu aliyechomeka vijiti kichwa chini aliambulia patupu na dawa alipaka vizuri tu! Kijiti hata ukigeuze kinakumbuka chini yake ilikuwa wapi. Kata upande wa chini mshazari, wa juu kata bapa, hutachanganya.

Na IBA sio kwamba ikifika tu inaanza kazi. Ndani ya seli kwanza inageuzwa kuwa IAA, auksini yenyewe ambayo mmea unaitumia, na hiyo inafanyika kwenye vichumba vidogo vinaitwa peroksisomu. Nyingine inasukumwa stoo, kwenye vakuoli, na kuna protini ya kazi hiyo inaitwa TOB1, ambayo kwa kuificha IBA huko inapunguza mizizi ya pembeni. Yaani mmea una breki zake, haukubali kila unachoumwagia.

Hapo ndo kero yangu inapoingia. Hizi unga zinatengenezwa kwa nguvu tofauti, 0.1 asilimia kwa vijiti laini, 0.3 kwa vya kati, 0.8 kwa miti migumu. Mi nimepewa kanailoni kamefungwa fundo, hakuna lebo, hakuna asilimia, hakuna tarehe, na kalikuwa kametundikwa dirishani kanapigwa jua la saa nane wakati IBA haipendi mwanga wala joto. Nauliza ni ya ngapi dada ananijibu "paka nyingi tu kaka, haina madhara." Aisee ina madhara! Auksini ikizidi mizizi inagoma kurefuka, kitako kinavimba, kinakuwa cheusi kinaoza. Hata 2,4-D tunayopulizia magugu shambani ni auksini ya kutengeneza, inaua kwa kuzidisha dozi.

Kwa hiyo ukinunua, dai kopo la kiwandani lenye asilimia hata kama linazidi bei. Mimina kidogo kwenye kifuniko, usichovye kijiti kibichi kwenye kopo maana unyevu unaharibu yote, chovya kitako tu, kung'uta ibaki vumbi, toboa mchanga kwanza na msumari ndo uchomeke isije ikafutika. Kivuli na unyevu wa wastani, usigeuze kiriba kuwa jaruba la mpunga.

Mwenye marando au mihogo asipoteze hela yake hapa, hizo zinatoa mizizi bila kubembelezwa. Kwenye muhogo shida ni batobato, ule ugonjwa wa virusi unaokunja majani, hiyo hela bora utafutie pingili safi.