Kingamwili ya Akt yenye fosfeti, baada ya miezi mitano

Mimi ni mtu wa maabara hapa Nairobi. Kabla ya kununua kingamwili hii nilitafuta maoni ya mtu anayeitumia huku kwetu, nikakosa, kwa hiyo naandika yangu. Chupa ya mikrolita 100 ilitugharimu Sh68,000. Inaitambua Akt, protini inayopitisha ujumbe wa insulini ndani ya seli, pale tu serini yake ya 473 (asidi amino iliyo nafasi ya 473) inapokuwa imebandikwa fosfeti.

Jaribio la kwanza lilinivunja moyo: utando, ile karatasi tunayohamishia protini ili kingamwili izishike na kuonyesha mstari, ulikuwa mweusi wote. Nilikuwa nimeufunika na maziwa ya unga ya dukani ili kingamwili isinate ovyo, kama tunavyofanya kwa kingamwili nyingine. Nikasahau kwamba kaseini, protini ya maziwa, nayo imejaa fosfeti. Nikahamia albumini ya ng'ombe (protini ya damu yake) ya asilimia 5, na utando ukatakata.

Na hapo ndipo nilipoipenda. Nilikuwa na sahani mbili za seli za misuli ya panya. Moja niliiacha hivyo hivyo, nyingine nikaitilia insulini kwa dakika 10. Ya kwanza haikuonyesha kitu cha maana. Ya pili ikatoa mstari mweusi, mnene, karibu na kilodaltoni 60 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Nikapima Akt yote kwa kingamwili ya kawaida, isiyojali fosfeti: mistari miwili sawasawa. Seli haikutengeneza Akt mpya hata kidogo. Ilibandika fosfeti ya daltoni 80 tu kwenye protini ya daltoni kama 56,000, ikaanza kuvuta sukari ndani. Nilikaa nikiutazama ule utando hadi mwenzangu akaniuliza kama kuna shida.

Alama hiyo ya fosfeti hubanduliwa upesi vilevile. Wanasayansi Fischer na Krebs waliliona jambo hili la kubandika na kubandua fosfeti kwenye misuli ya sungura miaka ya 1950, wakapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1992. Mimi nililiona siku stima ilipopotea, mashine ya barafu ikazima, nikamtuma kijana wa boda akanitafutie barafu. Sampuli zilizongoja mezani dakika 20 mstari wake ulififia kabisa, maana ukishaipasua seli, vimeng'enya vya fosfatezi, vinavyobandua fosfeti, vinaendelea na kazi. Basi weka floraidi ya sodiamu na vanadati, kemikali zinazovizuia vimeng'enya hivyo, kwenye bafa (maji ya kupasulia seli) mapema, na barafu iwe tayari kabla hujagusa seli.

Muuzaji ndiye aliyeniudhi. Kifurushi kilifika na pakiti za barafu zikiwa vuguvugu, na barua pepe yangu ikakaa wiki mbili bila jibu. Bahati nzuri kingamwili haikuharibika.

Natumia mikrolita 10 ndani ya mililita 10, na mchanganyiko huo naurudia mara tatu kabla ya kuumwaga. Zimebaki kama mikrolita 35. Zikiisha nitaagiza hii hii, kwa muuzaji mwingine.