Vanishi ya maji au sila ya thina? Kumalizia ndege za balsa kwenye unyevu wa Mombasa

Assalam aleikum watazamaji, karibuni. Leo mezani nina mikebe miwili: vanishi ya maji isiyo na rangi, na sila ya thina, ile mafundi wa fanicha hupaka kabla ya kung'arisha. Zote zapatikana hadiwea za mjini. Nataka tujue ipi yafaa ndege ndogo ya mfano ya balsa, ile mbao nyepesi mno, bila kuilemeza.

Maana balsa yenyewe ni kama kilo 160 tu kwa mita ya ujazo. Uipake kama unapaka mlango, haitaruka. Na mkia ndio wenye deni kubwa: ukiwa mbali na kitovu cha uzito mara 3 kuliko pua, gramu 1 ya rangi kule nyuma itadai gramu 3 za madini ya risasi huku mbele ili ndege isawazike. Kwa hiyo mkia, jamani, upakeni kwa huruma.

Haya, sila. Ina nitroselulosi, kama dopu ya zamani, ile vanishi ya kupaka kitambaa cha ndege. Yakauka upesi, yaziba vinyweleo, na msasa wateleza juu yake vizuri mno. Lakini sogeeni mtazame bawa hili. Mwauona ukungu huu mweupe? Si vumbi. Thina ikiruka hupooza uso wa mbao, na hewa yetu ya pwani imejaa unyevu, basi unyevu ule huwa maji juu ya sila ingali mbichi. Wakati wa masika usithubutu. Ngoja siku kavu ya kaskazi, mchana, upake barazani, mbali kabisa na jiko, kwani mvuke wake washika moto.

Vanishi ya maji haina tabia hiyo, na harufu yake mtu wa nyumbani ataivumilia. Udhaifu wake ni mwingine: huamsha nyuzi za balsa, na bawa jembamba laweza kupinda. Izimue kwa maji, paka pande zote mbili, kisha libane bawa kwa pini juu ya njiti za kiberiti hadi likauke. Msasa laini, mkono mmoja tena, basi. Mkono wa tatu ni tamaa.

Sasa urembo, na hapa ndipo mimi hufurahi. Rangi ya mkebe siitaki kabisa. Natumia karatasi ya shashi, kama ile ya tiara za watoto, rangi imo ndani yake tayari. Tishu ya Kijapani, yaani shashi ya ndege za mfano, ni takriban gramu 12 kwa mita ya mraba. Plastiki ya kubandika kwa pasi yafika kama 60. Bandika kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa, nyunyiza maji kidogo, ikikauka inajivuta kama ngozi ya ngoma. Ila shashi ya kufungia zawadi, hasa nyekundu, huchuja ikilowa, na hupasuka kirahisi. Jaribu kipande kwanza.

Herufi za usajili, 5Y zetu za Kenya, kata kwa shashi nyeusi na wembe mpya, bandika kwa vanishi hiyohiyo.

Kwangu vanishi yapata 8 kwa 10. Sila sijaitupa: naiweka kwa pua na rafadha za mbao, ambako uzito kidogo hauniudhi. Nunueni mkebe mdogo tu.