Pampu ya sola ya kulipa kidogo kidogo: uzoefu wangu baada ya misimu miwili

Ile namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi la pampu, ya lita kwa saa, usiitegemee. Yangu imeandikwa 5,000. Si uongo, zinatoka, lakini ni pale maji yanapokuwa karibu karibu na jua liko utosini. Kwangu wakati wa kiangazi maji yako mita 9 chini ya ardhi, na tanki nimeliweka kwenye mwinuko wa shamba, kwa hiyo kwa jumla yanapanda kama mita 12. Hapo napata lita 2,500 hivi saa sita mchana, asubuhi na jioni pungufu. Muuzaji makini huwa na jedwali linaloonyesha lita kwa kila kimo. Asiye nalo, agana naye.

Hesabu ya shamba ni rahisi kuliko watu wanavyoifanya. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Mboga kipindi cha jua kali hunywa milimita 5 hivi kwa siku. Nusu ekari ina mita za mraba 2,000 na kidogo, basi ni lita 10,000 kila siku, na siku ya jua zuri pampu yangu inazifikisha. Wakala wa mauzo alikuwa ananiimbia ekari nzima. Fundi aliyekuja kupima ndiye aliyeikata ikawa nusu.

Na huyo fundi ndiye sababu naipa kampuni iliyoniuzia nyota nne kati ya tano. Kabla ya mkataba kusainiwa alishusha utepe wenye kijiwe hadi ukagusa maji, akasoma, akawasha pampu ya petroli aliyokuja nayo na kuyavuta mpaka yakabaki kidogo tu chini. Akazima. Akakaa pembeni ya kisima na saa yake, kila baada ya muda anashusha utepe tena na kuandika kwenye kiganja. Mwisho akasema kisima kinarudisha lita 1,500 hivi kwa saa, yaani pampu ina pupa kuliko kisima chenyewe. Ndipo akafunga swichi ya kuizima maji yakipungua, kwa sababu pampu ya kuzama hupozwa na maji yale yale inayoyasukuma. Ikizunguka kavu inaungua. Kiangazi kikikolea swichi hiyo huikata mchana, kisima kikipumua inawaka yenyewe.

Hapa pana jambo ambalo kampuni hailigusi hata kidogo. Pampu ya petroli unaizima mwenyewe maana unaona mafuta yanavyoisha. Jua halina risiti, kwa hiyo mtu anaiacha inavuta tu, hata shamba likishalowa. Wenye visima vilivyo karibu tunanyonya kwa mrija mmoja. Mmoja akizidisha, wengine wanaona kwenye tope. Sisi majirani tumeamua wenyewe kupima vina vya visima na kuandika kwenye daftari moja, na kina kikishuka mno kila mtu anapunguza eneo analomwagilia. Imetupa ugomvi kidogo, lakini daftari halibishani. Ningetegemea muuzaji anayejisifu kwamba anamjali mkulima mdogo awe wa kwanza kulizungumzia.

Mipira ya kumwagilia kwa matone iliyokuja na seti ni mizuri, mradi usiamini maneno ya "funga usahau". Tanki likiinuka mita moja linatoa presha ya bar 0.1 tu, kwa hiyo laini ndefu mimea ya mwisho inabaki na kiu. Nimezifanya fupi, na bomba kuu linapita katikati ya shamba badala ya pembeni. Chujio lioshwe mara kwa mara, na ncha za mipira zifunguliwe maji yapite kwa kasi: utaona uji wa kahawia wenye utelezi unatoka, kisha maji yanang'aa. Usipofanya hivyo vitundu vinaziba, na hutajua mpaka majani yasinyae. Palizi nayo iwe ya uangalifu, jembe halioni mpira uliofunikwa na majani. Betri sina wala siitamani. Tanki ndilo betri yangu: linajaa mchana, koki nafungua jioni jua likipoa.

Nyota iliyopotea imepotea kwenye malipo. Mkopo unalipwa kila mwezi kiasi kile kile, na ukichelewa kampuni inakifunga kwa mbali kisanduku cha kudhibiti pampu. Mkulima hapati hela kila mwezi. Anapata akivuna, na kabla ya kuvuna ndipo anapohitaji maji kuliko wakati wowote. Pampu yangu ilifungwa mimea ikiwa inatoa maua. Nikapiga simu, nikaambiwa mfumo ndio umefunga, kana kwamba mfumo hauna mwenyewe. Baadaye walianza mkataba wa kulipa kwa msimu, ila ni kwa wateja wapya. Sisi tuliotangulia tunaendelea na ule ule. Mtu akifuta deni pampu ni mali yake na kufuli linaondolewa, hilo wamelitimiza kwa jirani aliyemaliza.

Paneli hazijanisumbua. Nafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, na nilikata tawi moja lililokuwa linatupa kivuli pembeni. Kivuli kidogo tu kinapunguza umeme kuliko unavyodhani.

Kama unataka kununua, uliza spea zinapatikana wapi na nani atakuja pampu ikigoma. Kisha uliza fundi atapima kisima lini. Akikutajia wakati wa mvua, mwambie arudi kiangazi.