Krenki ya bei nafuu kwa baiskeli kuukuu ya chuma: ipi ununue, ipi uiache dukani

Fremu ya chuma ya Raleigh ya zamani, Hero, Phoenix au Roadmaster inaweza kurithiwa na mjukuu. Krenki, yaani mikono miwili inayoshika pedali pamoja na gia yake ya mbele, haifiki huko. Ndiyo inayobeba nguvu zote za mtu anaposimama kwenye pedali akipanda kilima na mkungu wa matoke nyuma, na ndiyo inayoanza kulia "tak, tak" kila pedali inapozunguka. Hapa Busia, mpakani ambako bodaboda zilianza kwa baiskeli za aina hii kabla ya pikipiki kuchukua kazi, mlio huo kila mtu anaujua.

Msimamo wangu nauweka mbele. Kama baiskeli inabeba mzigo na inalala kijijini, nunua seti nzima ya chuma ya kota (inayobanwa kwa pini), hata muuzaji akikuonyesha nyingine nyepesi inayong'aa. Kama unaenda nayo kazini mjini, wewe na begi lako tu, ipo njia nyingine nzuri nitakayoieleza. Hizo nyingine zinafuata kwa mbali.

Kabla ya kutoa pesa

Shika mikono yote miwili ya krenki, wa kushoto na wa kulia, kisha tikisa. Mmoja ukicheza na mwenzake umetulia, kota imelegea au imelika. Yote miwili ikicheza pamoja upande kwa upande, shida iko kwenye gololi na vikombe vinavyozishika ndani ya bomba la katikati, lile la fremu ambamo krenki inazungukia, na krenki mpya peke yake haitaiponya. Angalia pia meno ya gia ya mbele. Yakishachongoka kama ya papa, cheni mpya itaruka tu.

Kota ni ile pini ya chuma yenye bapa upande mmoja, inayobana mkono wa krenki kwenye ekseli, yaani mhimili unaopita ndani ya bomba la katikati. Mara nyingi ni hiyo tu iliyochoka. Ichomoe uitazame: bapa likiwa na ngazi, yaani sehemu iliyobonyea na ukingo ulioinuka, chuma kimepondwa. Kama tundu la mkono bado ni duara safi na bapa la ekseli halijalika, badilisha kota zote mbili na uache ununuzi mwingine kwanza. Hakuna matengenezo ya bei rahisi kuliko hayo, na fundi asiyekuambia hivyo anataka kukuuzia.

Ya kwanza: seti mpya ya chuma ya kota

Hizi ndizo zinazoletwa kutoka India na China kwa ajili ya baiskeli kama zetu: mikono miwili ya chuma, gia moja ya mbele, na mara nyingine ekseli, vikombe na gololi ndani ya pakiti moja. Chagua yenye vyote. Ekseli mpya na mikono ya zamani havikai vizuri pamoja, na mikono mipya kwenye ekseli iliyolika inakula kota upesi.

Naiweka juu kwa sababu ya mahali tunapoishi. Ikilegea njiani katikati ya Tororo na Mbale, fundi yeyote wa kando ya barabara ataikaza kwa nyundo na spana, na kota hazikosi. Hata ukiendesha kidogo ikiwa imelegea, mara nyingi kinachoharibika ni kota, si mkono.

Sasa dukani. Geuza mkono uangalie tundu la kota. Ukingo wake uwe safi, usiwe na ufa wala mabaki ya chuma. Ingiza ekseli kwenye mkono bila kota: iingie kwa kukaza kidogo, isicheze. Zungusha gia mbele ya macho yako uone kama inayumba. Nyingi za bei ya chini zimebanwa kwenye mkono kwa mashine, hazina bolti, kwa hiyo gia ikiwa imepinda utaikuta imepinda kila siku.

Kota zenyewe zinahitaji umakini kuliko kitu chochote kingine kwenye pakiti. Zilizo nyingi zina unene wa milimita 9.5, lakini zipo za 9. Nyembamba ikiingizwa kwenye tundu la 9.5 italegea, hata uipige vipi. Nenda na ya zamani mkononi. Tena, zijaribu kwa tupa: kota laini inachubuka kama haina upinzani, na hiyo itapondwa mara tu utakapobeba jerikeni mbili za maji za lita 20, ambazo ni kilo 40 kabla hujahesabu mwili wako.

Hesabu meno pia. Gia ya mbele ya baiskeli hizi huwa kati ya meno 44 na 48. Wanaobeba mizigo wachukue 44. Ukiwa na friwili (gia ya nyuma) ya meno 22, tairi linazunguka mara 2 kwa kila mzunguko wa pedali. Ukiwa na 48 mbele na 18 nyuma, ni mara 2.67. Goti litakuambia tofauti yake kwenye kilima cha kwanza.

Ya pili: krenki ya pembe nne kutoka kwenye baiskeli za mitumba

Baiskeli za milimani zilizotumika zinapokatwa spea, krenki zake za alumini huuzwa peke yake. Ekseli yake ina ncha za pembe nne, na mkono unabanwa kwa bolti. Ukiipata nzima, ukainunulia ekseli mpya iliyozibwa yenye beringi zake ndani, utasahau habari za kota. Haipigi kelele, haihitaji grisi kila mara, na ni nyepesi. Kwa mtu wa mjini ningeipa nafasi ya kwanza.

Lakini ina masharti matatu. Thredi (mikato ya skrubu) za bomba la katikati la fremu lazima zilingane na ekseli hiyo. Kipimo kilichoenea ni inchi 1.37 chenye thredi 24 kwa inchi. Raleigh nyingi za zamani zilizotengenezwa Nottingham zina thredi 26, na bomba lenyewe, kutoka upande mmoja hadi mwingine, ni pana kuliko milimita 68 za kawaida. Ukijaribu kulazimisha, unaharibu fremu, na fremu ndiyo mali. Beba kikombe cha zamani dukani, kilinganishwe na kipya thredi kwa thredi.

Sharti la pili ni urefu wa ekseli. Ikiwa fupi, gia itakwaruza bomba la fremu. Ikiwa ndefu, cheni itakwenda mshazari na kujichomoa. Chukua fimbo iliyonyooka, ilaze ubavuni mwa gia ya mbele hadi kwenye friwili: inatakiwa ifike ikiwa sawa na meno ya nyuma.

La tatu ni vifaa. Kuivua kunahitaji pula, kifaa cha kung'oa mkono, yenye thredi ya milimita 22, na si kila fundi anayo. Kubwa zaidi, bolti ikilegea usiendeshe hata hatua chache. Alumini ni laini kuliko ekseli ya chuma. Lile tundu la pembe nne litageuka kuwa mviringo na mkono hautabana tena maisha yake yote. Kwa sababu hiyo siipendekezi kwa wabeba mkaa na matoke.

Krenki hizi huwa na gia mbili au tatu. Zenye bolti unaweza kuzifungua na kubakiza moja. Zilizopigwa ribiti ziache. Cheni yako pana ya inchi 1/8 itapita vizuri kwenye meno membamba ya gia hiyo, ila kinyume chake hakiwezekani.

Ya tatu: krenki ya zamani ya Raleigh, iliyotumika

Chuma chake ni kizuri mno, na gia yenye umbo la ndege korongo bado inapendeza macho. Ukiipata kwa fundi anayeheshimika, na tundu la kota halijapanuka, ichukue bila wasiwasi. Shida ni kwamba nyingi zimeshapigwa nyundo kwa miaka mingi. Tazama ncha ya mkono karibu na ekseli: ikiwa imejaa alama za nyundo na ukingo umevimba, rudisha mezani.

Mkono mmoja tu

Wa kushoto ndio unaonunuliwa sana, maana wa kulia umeungana na gia. Si vibaya, mradi urefu ulingane na wa kulia, na thredi ya pedali iwe ya upande huo. Pedali ya kushoto hufungwa kinyume na saa. Muuzaji akikupa mkono usio wa upande huo, pedali haitaingia, au italazimishwa hadi thredi ziishe.

Ya kuacha

Mikono ya bati lililokunjwa iliyopakwa rangi ya fedha, yenye kinga ya plastiki kwenye gia, ni ya baiskeli za watoto. Krenki za kipande kimoja, zile zilizopindwa kutoka chuma kimoja kupita katikati, zinahitaji bomba la aina nyingine kabisa, hazina pa kukaa kwenye fremu yako. Na kumchomelea mtu mkono wa krenki kwenye ekseli, jambo ninaloliona sana, kunamfungia gololi ndani. Zikikauka hakuna anayeweza kuzifikia ila kwa msumeno.

Siku ya kufunga

Kikombe cha kulia kwenye fremu za mtindo wa Uingereza hufunguliwa kwa kuzungusha kuelekea upande wa saa. Mwambie fundi kabla hajaongeza bomba kwenye spana. Gololi za inchi 1/4 zikae 11 kila upande kwenye grisi safi.

Kota mbili zinaingia kwa mwelekeo ambao nati moja itaangalia juu na nyingine chini, mikono ikiwa imelala mbele na nyuma. Ukikosea, mikono haitanyooka kwa mstari mmoja. Kama bapa linahitaji tupa, kota zote mbili zipigwe tupa sawasawa. Wakati wa kugonga, mkono wa krenki uegemezwe juu ya kipande cha bomba la chuma kilichosimama chini, ili pigo lisiende kwenye gololi. Nyundo ndiyo inayoingiza kota. Nati inaishikilia tu. Anayeivuta kota kwa nati anakata thredi.

Beba mzigo wa kwanza, mwepesi, kisha rudi kwa fundi siku hiyo hiyo agonge tena na kukaza nati. Usimlipe yote asubuhi.