Vijiko vya Fedha vya Marekani: Kagua Herufi Zilizofutwa Kabla ya Kulipa

Wasomaji kadhaa wamelalamika kwamba seti za vijiko, uma na visu vya fedha walizonunua mnadani, zilizotengenezwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa nakshi za kuiga Ugiriki na Roma ya kale, zilinadiwa kuwa hazijawahi kuchorwa jina, kumbe herufi za mwenye mali wa kwanza zilikuwa zimesagwa. Ubora wa madini sitaujadili, kwa kuwa neno sterling lililogongwa nyuma ya mpini humaanisha sehemu 925 za fedha katika kila 1000.

Wabunifu wa mitindo hii waliacha uwanda mtupu kati ya nakshi ili herufi za familia zichorwe hapo. Anayezifuta hana budi kupunguza madini, hivyo mpini hubaki na kibonde, na nakshi za kando hufifia. Bana mpini kati ya kidole gumba na cha shahada ili uupime unene wake, kisha upulizie pumzi, maana ukungu unaweza kuonyesha michoro ambayo jicho halikuiona. Herufi zilizosalia wazi si kasoro hata kidogo, na binafsi ningezilipia zaidi.

Sifichi kwamba naipendelea kampuni ya Gorham ya Providence, Marekani, yenye chapa ya simba, nanga na herufi G. Seti yake ya mtindo wa Etruscan, ya 1913, naiweka ya kwanza, kwa sababu mstari wa Kigiriki unaojikunja kwa pembe za mraba ukififia upande mmoja, ufutaji hujifichua wenyewe. Ya pili ni Fairfax ya kampuni ya Durgin, ya 1910, ambayo karibu haina pambo, kwa hiyo kibonde huonekana mara tu unapoigeuza kwenye mwanga. Wedgwood ya kampuni ya International Silver, ya 1924, ni ya tatu. Inapendeza, lakini matobo ya mpini hushika dawa ya kung'arishia.

Vilivyopakwa fedha tu vinunue kwa matumizi ya kila siku, na usidanganywe na maandishi 1847 Rogers Bros., kwani 1847 hapo ni sehemu ya jina la chapa, si mwaka wa kutengenezwa.

Linaloniudhi zaidi ni wauzaji wanaopima seti nzima pamoja na visu, ilhali bapa la kisu si fedha, na mpini wake ni ganda jembamba lililojazwa kitu kingine. Dai uzito wa vijiko na uma peke yake, na bei ya fedha uipigie hesabu hapo.